Hati ya Kumwita Raia Aliye Tumboni

Nchi hiyo ipo. Anayesema haipo na aje apige chafya mbele yangu, tuone kinachomtoka puani kina rangi gani. Jina lake sitalitaja, maana mtu wa mwisho kulitaja hadharani alitakiwa aandike barua ya kueleza alimaanisha nini, na hadi leo bado anaandika.

Ni nchi nzuri. Serikali yake haipendi makuu, kwa hiyo Viwanda, Uzazi na Sherehe vimewekwa chini ya waziri mmoja, Mheshimiwa Fumbwe, ili mambo yasigongane. Kiwanda kikifunguliwa, sherehe ipo. Mtoto akizaliwa, sherehe ipo. Na kiwanda kikigombana na mtoto, kesi inaamuliwa na mtu yuleyule, mezani palepale, kabla chai haijapoa.

Sisi wa mtaa wa Dohani tulibahatika kupata kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Betri za magari ya nchi nzima zinaletwa kwetu, na za nchi jirani vilevile, maana wao walizikataa kwa wivu. Wanaume wetu wanazipasua kwa shoka, maji makali yanakwenda mtaroni, na vya ndani vinatupwa tanuruni. Moshi wake una ladha fulani ulimini, kama umelamba msumari. Mwanzoni tuliuita moshi. Ukaja waraka kwamba uitwe Ukungu wa Maendeleo, na mwenye kutaka kukohoa akohoe ndani ya nyumba yake, asije akaonekana anapinga.

Mimi nina saluni. Niko juu kilimani, upande upepo unakotokea, ndiyo maana mashuka yangu hayana madoa. Nina viti vinne na wateja kumi na wawili, na anayesukwa si lazima awe ndiye anayesema. Habari za mtaa zinafika kwangu zikiwa mbichi na zinaondoka zikiwa zimeungwa nazi. Haya ninayoyasimulia kuhusu Mheshimiwa nilipewa na katibu wake muhtasi, ambaye kichwa chake nakisuka mimi, na mtu hadanganyi huku ameshikwa nywele.

Ilianza na taarifa ya mwaka ya zahanati. Muuguzi wetu, Sista Levina, mwanamke wa maneno machache na mwandiko mzuri, aliandika kwamba katika kila watoto kumi waliozaliwa Dohani, sita walikuja kabla ya miezi yao, wengine wakiwa na uzito wa kuku. Wengi hawakumaliza juma. Akapendekeza kiwanda kihamishwe, au angalau moshi uchujwe.

Mheshimiwa Fumbwe aliisoma, akaiweka chini, akavua miwani.

"Wamekuja kabla ya wakati," akasema. "Wakati gani?"

"Miezi tisa, Mheshimiwa," akajibu Mganga Mkuu.

"Nani aliiweka?"

Mganga Mkuu akatazama dari. "Ni... ni ya siku nyingi, Mheshimiwa."

"Ya kabla ya uhuru?"

"Kabla kidogo."

"Mnaona!" Mheshimiwa akapiga meza, vikombe vikaruka. "Tulimfukuza mkoloni, tukabaki na kalenda yake matumboni mwa wake zetu!"

Jumatatu iliyofuata ikatoka Sheria ya Ujauzito wa Kisasa. Mimba katika nchi yetu ni miezi saba. Mheshimiwa alihutubia redioni kwa saa mbili. "Wenzetu ng'ambo wanahangaika kuongeza kasi ya treni," alisema. "Sisi tumeongeza kasi ya binadamu!"

Na kweli, siku ileile watoto njiti walikwisha nchini. Hata neno lenyewe, njiti, likafutwa kwenye madaftari ya zahanati. Mashine ya kuwatia joto, ile moja tuliyokuwa nayo, ikaonekana haina kazi, ikahamishiwa shambani kwa Mheshimiwa iangulie vifaranga hadi hapo taifa litakapoihitaji. Kwa taarifa yenu, vifaranga wote wanaendelea vizuri.

Sasa niwaambie habari ya Sikujua.

Sikujua ni mke wa Mbwana, mpasua betri. Mkimya, mcheshi akishakuzoea, na mikono yake inajua vitumbua. Mtoto wake wa kwanza alikuja katika mwezi wa saba, akaishi siku tatu. Hakupata jina, maana siku ya saba ya kumpa jina haikumfikia. Wa pili alizaliwa kimya. Mkunga alimgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia, kimya kikabaki kimya.

Sheria ilipotoka ilirudi nyuma, kama sheria nzuri zinavyofanya. Sikujua akaletewa cheti chenye ngao ya taifa kumpongeza kwa kujifungua kwa wakati mtoto yule wa kwanza. Alikisoma mara mbili. Kisha akakikunja vidogo vidogo hadi kikawa hakikunjiki tena.

Alipofika saluni na mimba ya tatu, hakusema. Kwetu mimba haisemwi, na miezi yake haihesabiwi kwa sauti. Anayehesabu anaita jicho. Ukimwuliza mwanamke yuko mwezi wa ngapi, atakujibu Mungu ndiye ajuaye, na ukirudia swali utaonekana mchawi. Lakini Sista Levina alikuwa kwenye kiti cha pili, nusu ya kichwa imesukwa, na macho ya mkunga hayana haya.

"Sikujua," akamwita. "Niseme ninachotakiwa kusema, au ninachokijua?"

 Nikazima kikausha nywele.

"Unachotakiwa kusema ni nini, Sista?"

"Kwamba ukungu una vitamini."

"Na unachokijua?"

"Vumbi la betri lina madini ya risasi. Unalivuta, unalila na mchicha, unalifua kwenye nguo za mumeo. Na likishaingia kwako halikai kwako. Linavuka kwenye kondo, linamfuata mtoto. Moshi nao unalidhoofisha hilo kondo, mtoto anapata hewa na chakula kwa mgao, kama umeme wetu. Ndiyo maana wanatoka mapema, wamekonda. Si mkosi wako, si jini, wala si mama mkwe."

"Mama mkwe tusimwondoe haraka hivyo," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka, ila Sikujua hakucheka.

"Nifanyeje?"

"Uhame. Sijasema kesho."

Ndipo nyuso zote zikanigeukia mimi. Mnajua mtu anavyotazamwa akiwa ndiye mwenye nyumba juu kilimani.

"Chumba kipo," nikasema. "Ila anayelala kwangu asubuhi ananikaangia vitumbua."

Akahamia. Akapewa masharti: maji ya bomba la huku juu, si ya kisima cha chini, maziwa na dagaa kila siku, mikono inawe kabla ya kula. Na Mbwana asimsogelee na nguo za kazi. Maskini Mbwana! Kila Jumapili alipanda kilima, amevaa kanzu, anasimama mlangoni kama anaposa upya.

"Hodi, shemeji. Nimeoga mara mbili."

"Ya tatu iko wapi?"

"Shemeji, ngozi itatoka!"

"Na itoke. Ndoo ile pale."

Tumbo likakua. Tumbo la Sikujua mara ile halikuwa kama matumbo ya Dohani, yale yanayokaa kama mtu ameficha chungwa. Lilikuwa tumbo la kujivunia. Na hapo ndipo hatari ilipoanza, maana chini ya Sheria ya Ujauzito wa Kisasa, mwanamke anayepita miezi saba ni mchelewaji, na anayemchelewesha raia anamnyima taifa nguvu kazi. Adhabu yake ni dripu ya uchungu, zahanati, papo hapo. Mtoto wa miezi saba, bila mashine ya joto. Sista Levina hakulazimika kutueleza maana yake. Sikujua alikuwa ameshaiona maana hiyo kwa siku tatu.

Afisa Mtendaji wa mtaa, Bwana Shomvi, alipewa daftari la kuandikisha mimba zote. Shomvi si mtu mbaya. Ni mtu wa mihuri tu. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwenye safu ya Miezi akaandika alichojibiwa. Kurasa kumi na nne, mstari kwa mstari: Mungu ndiye ajuaye. Makao makuu wakamrudishia daftari na swali kwa wino mwekundu: mtajwa ana wadhifa gani, na kwa nini hajatoa idadi kamili?

Kwa hiyo tulikuwa salama. Desturi yetu ilikuwa imeishinda serikali. Na tungebaki salama, kama si mdomo wangu.

Nisijitetee. Siku ile saluni ilikuwa imejaa, kicheko juu ya kicheko, na mke wa Shomvi, Bi Rehani, yuko mikononi mwangu anasukwa mtindo wa twende kilioni. Akasifu vitumbua. Nikasema vya Sikujua. Akasema, kumbe mjamzito anasimama jikoni? Nami, na raha zangu, nikajibu: "Huyo? Ameingia mwezi wa nane wiki iliyopita na mtoto anapiga teke kama anadai mlango!"

Nilihesabu. Mimi, niliyelelewa na bibi aliyekataza kuhesabu hata mayai ya kuku aliyeatamia. Saluni ikawa baridi. Kitana kilinianguka. Bi Rehani akajitazama kiooni, akasema taratibu, "Mie sijasikia kitu, Bi Mwantumu." Lakini mtu akisema hajasikia, huwa amesikia, na ana mume. Naye baadaye aliapa kwamba hakusema. Kwamba alimwambia mumewe vitumbua tu, na mumewe akauliza nani kavipika. Hivyo ndivyo siri inavyokwenda. Inakwenda kwa miguu ya kitumbua.

Kesho yake saa nne asubuhi, Bwana Shomvi akapanda kilima na mgambo wawili na bahasha. Sikujua alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinuka. Alivuta khanga, akaweka mikono miwili juu ya tumbo kama mtu anayeshikilia mlango.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akaanza Shomvi, "na kwa yale ambayo bado sijapewa, nimeleta hati."

"Ya kwangu?" akauliza Sikujua.

"Wewe nyamaza, si yako." Akachutama, akasogeza mdomo karibu na tumbo, akasafisha koo, akasoma:

"Kwa Raia Asiye na Jina, Tumboni mwa Sikujua binti Mkadamu, Mtaa wa Dohani. Yahusu: kujitokeza. Ofisi hii imebaini kuwa umekaa humo siku tisa zaidi ya muda ulioruhusiwa, bila kibali na bila sababu ya maandishi. Unatakiwa kuripoti katika zahanati iliyo karibu nawe kabla ya saa sita mchana kesho. Ukikaidi, serikali itakufuata humohumo. Wako katika ujenzi wa taifa."

Mtoto akapiga teke. Khanga ikatikisika, Shomvi akarudi nyuma akakaa chini kwa kishindo.

"Ameshambulia hati!" akasema mgambo mmoja.

Sikucheka.  Nilituma mtu mbio zahanati, na Sista Levina akaja na kofia yake nyeupe, jasho linamtoka, kwa sababu ndiye angetakiwa aweke dripu ile kwa mikono yake mwenyewe. Aliichukua hati, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akarudi mbele. Nilimwona jicho lake likisimama mahali fulani chini ya karatasi.

"Bwana Mtendaji, hati hii imepelekwa kwa nani?"

"Kwa raia."

"Ameipokea?"

"Nimemsomea mwenyewe. Amejibu kwa mguu."

"Kusomewa si kupokea. Hapa chini pana mstari: sahihi au dole gumba la mpokeaji. Haliko. Nikiweka dripu, nitakuwa nimetekeleza hati ambayo haijapokelewa. Na jina lililoandikwa hapa kama mpeleka hati si langu, kaka yangu. Ni lako."

 Mnamwelewa mtu wa mihuri? Ukimwambia utaua mtoto, atakwambia ni maagizo. Ukimwambia fomu haijajazwa, usingizi unamkimbia.

"Mama yake hawezi kumwekea dole?"

"Mama ndiye mtuhumiwa. Tangu lini mtuhumiwa anampokelea shahidi hati?"

"Basi atoke kidogo, aweke dole."

"Akitoka, hati ya kumtaka atoke itakuwa ya nini?"

 Shomvi akaichukua hati yake, akaikunja, akasema ataomba mwongozo wilayani. Aliposhuka kilima, Sikujua aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu saa nne, halafu akalia, halafu akaendelea na mchele wake.

Hapo ndipo nilipoipenda ofisi yetu ya wilaya kwa mara ya kwanza maishani. Siku kumi na moja zikapita. Jibu likaja: zitumwe nakala tatu. Siku tisa nyingine: nakala zigongwe muhuri wa duara, si wa mraba. Siku nane nyingine: eleza kama raia ni wa kike au wa kiume, ili ijulikane fomu itakayotumika ni ya rangi gani.

Lakini msidhani tulikuwa tunacheka. Tarishi wa wilaya alikuja na pikipiki, na kila pikipiki ilipoanza kupanda kilima, saluni nzima ilisimamisha mikono vichwani mwa watu. Tunasikiliza. Inapita? Inasimama? Sikujua anakwenda chumba cha nyuma, anakaa sakafuni, mgongo ukutani. Ikipita, mtu mmoja anasema "Haya," na mikono inarudi kazini. Nami nilijifunza kunyamaza. Mwulizeni yeyote: saluni ya Mwantumu ilikaa wiki nne haina umbea. Watu walidhani kumefiwa.

Halafu upepo ukageuka. Ilikuwa siku tatu tu, lakini siku hizo moshi wote wa kiwanda ulipanda kilima kama uliokuwa unatafuta mtu. Tulilowanisha khanga tukaziba madirisha. Siku ya pili Sikujua akashika kiuno.

"Bi Mwantumu, kinakaza."

"Kinakaza kikaachia, au kinakaza tu?"

"Sijui! Nilizaa mara mbili na mara zote sikuuliza!"

Sista Levina akaja, akamlaza ubavuni, akampa maji, akaweka kiganja kwenye tumbo akakiacha pale kuanzia adhuhuri hadi alasiri.  Mbwana alisimama nje ya mlango, ameoga, hata sikumwuliza mara ngapi. Tumbo likalegea. Siku ya nne upepo ukarudi njia yake. Wiki ya thelathini na sita, Sista akaninong'oneza. Alikuwa anahesabu, yeye, ila kwa kazi yake alikuwa na ruhusa.

Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe anakuja Dohani kuzindua dohani ya pili ya kiwanda. Alhamisi, simu ikalia kwa Shomvi. Waliokuwepo ofisini wanasema alisimama wima kuipokea, akabana visigino.

"Kesho nikishuka kwenye gari," ilisema simu, "nitakuuliza mtaa huu una mimba ngapi zilizochelewa. Nataka kusikia sifuri."

"Mheshimiwa, kuna suala la dole gumba..."

"Sifuri, Shomvi."

Ijumaa saa tatu asubuhi wakaja na pikapu na mgambo wanne. Safari hii hakukuwa na bahasha. Shomvi hakunitazama usoni. Sikujua alipanda mwenyewe, polepole, akashika ukingo wa gari, na nilipopanda nyuma yake na beseni langu hakuna aliyenizuia. Kwenye mteremko alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Nikadhani ni hofu.

Zahanati yetu inatazamana na lango la kiwanda, hatua hamsini, si zaidi. Jukwaa lilikuwa limepambwa, bendi ya matarumbeta inajaribu vyombo, na wajawazito wote wa mtaa wameketishwa safu za mbele, wamevalishwa fulana za njano zilizoandikwa MIEZI SABA, KAZI TELE. Tukaingizwa ndani. Sista Levina alikuwa anangoja, uso kama ukuta. Alimlaza Sikujua, akampapasa tumbo, akasimama. Akapapasa tena.

"Tangu saa ngapi?" akanong'ona.

"Tangu alfajiri."

"Mbona hukusema?"

"Nilikwisha zoea kutosema."

Shomvi akaingiza kichwa. "Dripu!"

"Naiweka, Bwana Mtendaji." Akaitundika. Ilikuwa maji ya chumvi matupu, yale wanayopewa watu wenye kuhara. Shomvi akavuta kiti mlangoni, akatoa saa yake, akaanza kuitazama. Nje Mheshimiwa alikuwa amefika. Tulisikia nyimbo, kisha hotuba kwenye kipaza sauti. Ndani, Sikujua aling'ata upindo wa khanga yangu. Hakupiga kelele hata mara moja.

"Inafanya kazi!" Shomvi akashangilia, akiichungulia chupa. "Haijafika hata robo! Hivi mnaona nguvu ya serikali?"

"Toka nje, mwanamume wewe," Sista akamwambia, akatoka.

Mtoto akaja. Wa kike. Akaja mzima mzima, mrefu, mnene, na kimya.

Sista akamfuta. Kimya. Akamgeuza. Nilimwona Sikujua amefumba macho, midomo inahesabu. Yeye, ambaye hakuwahi kuhesabu kitu. Moja. Mbili. Tatu. Nje Mheshimiwa anasema "ndugu wananchi". Nne. Sista akamsugua mgongo. Tano. Nilitamani nizungumze, niseme lolote, nivunje kile kimya, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na neno.

Sita, na mtoto akafungua kinywa akalia kilio ambacho Dohani ilikuwa imekisahau. Dirisha likatikisika. Hotuba nje ikakatika katikati ya neno.

Tulimweka kwenye mizani mipya ya wizara, ile inayoishia kilo mbili kwa mujibu wa sheria. Mshale ukaenda ukagonga mwisho, ukakwama. Shomvi akaingia na daftari, akamtazama mtoto, akatutazama sisi.

"Huyu si wa hapa," akasema. "Huyu ni wa nchi jirani. Mmemwingizaje?"

Hakupata jibu, maana Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe alikuwa mlangoni, na wapiga picha nyuma yake. Alimwona mtoto, uso ukachanua.

"Hili ndilo zao la Ukungu!" akasema. "Tazameni mashavu! Nipeni."

"Mheshimiwa, hajamaliza hata nusu saa," Sista Levina akasema, akakaza mikono.

"Taifa nalo ni changa, Sista." Akamchukua. Hivihivi, na kitambaa chake cheupe. Akatoka naye kuelekea jukwaani, matarumbeta yakapasuka, na sauti yake ikarudi kwenye kipaza sauti ikisema kwamba huyu atakuwa mtoto wa kwanza kubarikiwa na dohani ya pili, na mafundi wawashe.

Dohani ya pili ikakohoa. Moshi wake haukupanda. Ulikuwa mzito, ulimwagika chini kama uji kwenye jukwaa.

Sikujua akaketi kitandani.

"Lala," Sista akamwambia. "Kondo limetoka sasa hivi, utaanguka."

"Nitaanguka nikirudi." Akajifunga khanga zangu mbili, moja juu ya nyingine, akashusha miguu. Nilimshika kwapa upande mmoja, Sista upande wa pili. Hatua hamsini. Niliona kila moja. Damu ilikuwa inamfuata mavumbini na majivu yameanza kumtua begani. Mgambo walitazamana, walikuwa na maagizo kuhusu wachelewaji, hawakuwa na maagizo kuhusu mzazi. Wakatupisha.

"Na huyu hapa ndiye mama!" Mheshimiwa akanguruma. Akamsogezea kipaza sauti, mtoto kwenye mkono mwingine, kitambaa cheupe kimeshaanza madoadoa ya kijivu. "Mama, liambie taifa. Umefanyaje ukapata mtoto kama huyu?"

Nilimwona Shomvi chini ya jukwaa anatikisa kichwa, anasihi kwa macho. Mwanamke kama huyu, kwa maneno machache tu ya shukrani, angeondoka na kitenge na picha ya ukutani. Kwa maneno mengine angeondoka na pikapu.

"Niliukimbia moshi," Sikujua akasema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, cha sherehe. Neno lilifika hadi sokoni.

Mheshimiwa akacheka kidogo. "Anatania, ana furaha..."

"Nililala mahali usipofika, na mtoto akakaa miezi tisa. Wale wawili niliowazaa hapa chini nimewazika." Akanyoosha mikono. "Picha umeshapata, baba. Nipe mwanangu, moshi unamwingia."

Sijui kwa nini alimpa. Labda ni kwa vile alimwita baba. Labda kwa vile mtoto alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kidogo kama cha paka, nacho kilikuwa kinasikika kwenye vipaza sauti vyote vinne. Sikujua akamfunika uso na khanga, akashuka ngazi, akashika njia ya kilimani. Mbwana akatokea kwenye msafara wa wafanyakazi, nguo za kazi mwilini, akaanza kumkimbilia, akakumbuka, akasimama. Akavua shati hadharani mbele ya Waziri, akalitupa, akamfuata kifua wazi.

Kwenye viti vya wageni, kando ya safu za fulana za njano, mtu akasimama. Alikuwa Bi Rehani, mke wa Shomvi, mkono tumboni, na kwa jinsi mumewe alivyoachia daftari likaanguka, habari ile ilikuwa mpya hata kwake. Hakumtazama. Akapita. Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine, hadi safu ya mbele ikawa viti vitupu. Shomvi alikimbia kando yao anapekua kifungu cha sheria kinachokataza mjamzito kupanda mlima. Bendi, kwa kukosa maagizo, iliendelea kupiga.

Taarifa rasmi redioni jioni ile ilisema uzinduzi ulifana, na kwamba wananchi waliondoka uwanjani kwa utulivu na bila kutazama nyuma. Siwezi kuipinga. Nilikuwepo, nimebeba beseni, na hakuna aliyetazama nyuma.